Bakteria wanaopumua sumu: jinsi klorini inavyong'olewa chini ya ardhi

Tone la mafuta ya taa likidondoshwa kwenye bilauri ya maji hupanda juu likatandaa. Tone la tetrakloroethilini hufanya kinyume chake. Huzama moja kwa moja na kutulia chini kabisa, la mviringo, likimetameta kama ushanga wa kioo. Ukimwaga maji yale na kutia mengine, ushanga utaukuta palepale, umepungua kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Chini ya ardhi ya viwanda vingi duniani ushanga huo upo kwa mapipa, na hakuna anayeuona.

Tetrakloroethilini hutumika kusafishia nguo zisizotakiwa kuguswa na maji, kazi ya drai klina. Nduguye, trikloroethilini, kwa miongo mingi ilikuwa ya kuondolea grisi kwenye vyuma viwandani na kwenye karakana za ndege. Zote mbili ni nzito kuliko maji: lita moja ya tetrakloroethilini ina uzito wa kilo 1.6 hivi. Zikimwagika hazikai juu zikasubiri kuzolewa. Hupenya mchangani, hupita usawa wa maji ya ardhini, huendelea kushuka mpaka zikutane na tabaka la mfinyanzi au mwamba, na hapo zinatuama. Maji yanayopita juu yake huyeyusha kidogo leo na kidogo kesho, yakaondoka nacho kuelekea visimani.

Kidogo hicho kina uzito wake. Marekani inaruhusu mikrogramu 5 tu za kila moja ya kemikali hizi katika lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu: lita moja ya tetrakloroethilini iliyomwagika inatosha kuchafua zaidi ya lita milioni 300 za maji mpaka kwenye kikomo hicho. Katika kambi ya kijeshi ya Camp Lejeune, North Carolina, askari na familia zao waliishi na maji yenye kemikali hizi kati ya 1953 na 1987. Trikloroethilini imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, ya figo hasa.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba vitu hivi haviozi kabisa. Ilionekana kwamba dawa ni mbili tu: kuchimba udongo na kuuhamisha, au kuyapampu maji mpaka yaishe. Siku hizi tunajua kwamba wapo bakteria wanaozivunja molekuli hizi, na wengine hawawezi kuishi bila hizo. Lakini habari hii imezoea kusimuliwa nusu, kana kwamba bakteria wanaila sumu na mambo yakaisha. Swali ambalo ningependa msomaji ajifunze kuliuliza ni jingine: wameivunja mpaka wapi? Kwa sababu kuna hatua moja njiani ambapo kazi ikikwama, kinachobaki ni kibaya kuliko kilichokuwapo mwanzo.

Kwa nini hazikubali kuoza

Jani likianguka chini linaoza kwa sababu kaboni iliyo ndani yake ina elektroni nyingi, na elektroni ni mali. Bakteria huzichomoa, hutumia nguvu inayopatikana zinaposhuka, kisha huzikabidhi kwa oksijeni. Ni moto wa polepole. Mwili wako unafanya hivyohivyo na chakula ulichokula leo.

Sasa itazame tetrakloroethilini. Ina atomu mbili za kaboni zilizoshikana, na kila moja imezungukwa na klorini mbili. Klorini ina uroho wa elektroni. Kila moja inavuta upande wake. Kaboni za katikati zimekwisha kunyang'anywa kabla bakteria hajafika. Anayekuja na oksijeni mkononi akitafuta chakula anakuta mfupa mtupu. Kadiri molekuli inavyobeba klorini nyingi ndivyo oksijeni inavyoshindwa kuigusa, na kadiri klorini zinavyopungua ndivyo inavyoanza kuliwa kama chakula cha kawaida. Shika kanuni hiyo, kwa sababu karibu kila kitu kinachofuata kinatokana nayo.

Molekuli iliyonyang'anywa elektroni haifai kuwa chakula, lakini inafaa sana kwa jambo jingine: inatamani kupokea elektroni. Na kila kiumbe kinachoishi kinahitaji mpokeaji. Kupumua, kwa maana ya kikemia, ni kupata mahali pa kutua mzigo wa elektroni baada ya kuzitumia. Sisi tunautua kwenye oksijeni. Huko chini, ambako oksijeni haifiki, bakteria wametafuta mahali pengine: naitreti, chuma, salfeti, hata kaboni dioksidi. Tetrakloroethilini inawaahidi nguvu kubwa kuliko salfeti au kaboni dioksidi. Bakteria akiipa elektroni mbili, klorini moja inang'oka na kwenda zake ikiwa kloridi, ileile iliyomo kwenye chumvi, na mahali pake inaingia atomu ya haidrojeni.

Kwa hiyo bakteria hawa hawaili sumu. Wanaipumua. Tofauti hii inaamua namna nzima ya kusafisha: anayetaka wafanye kazi asiwapelekee hewa, awapelekee chakula. Hewa itawaua.

Chupa isiyokuwa na rangi

Dalili za kwanza zilitoka kwenye tope la majitaka. Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Michigan State, watafiti wa maabara ya James Tiedje walitangaza kwamba wamepata bakteria wasiotumia oksijeni wanaong'oa klorini kutoka kwenye klorobenzoeti, molekuli ya pete ya kaboni iliyobeba klorini. Baadaye ilidhihirika kwamba mmoja wao anapata nguvu ya kuishi kutokana na tendo hilo, na mwaka 1990 akapewa jina la Desulfomonile tiedjei. Mwaka 1989 David Freedman na James Gossett wa Chuo Kikuu cha Cornell walionesha kwamba mchanganyiko wa bakteria unaweza kuishusha tetrakloroethilini mpaka chini kabisa, hadi ethilini, gesi ambayo matunda huitoa yanapoiva. Hakuna klorini hata moja iliyobaki. Ilichukua miaka minane kumtenga mhusika. Mwaka 1997 timu ya Xavier Maymó-Gatell, Gossett na Stephen Zinder ikamtangaza: aina ya 195, ambaye sasa anaitwa Dehalococcoides mccartyi, kwa heshima ya Perry McCarty wa Chuo Kikuu cha Stanford.

Kumlea kwenyewe kunafundisha. Chupa ni ya kioo, imezibwa kwa mpira mzito na kubanwa kwa kifuniko cha alumini. Hewa yote imetolewa na mahali pake ikaingizwa naitrojeni na kaboni dioksidi. Ndani ya maji yake kuna matone ya rangi iitwayo resazurini, na hiyo ndiyo mlinzi: kukiwa na oksijeni hata chembe, maji yanageuka waridi. Chupa nzuri ni ile isiyokuwa na rangi. Humo anatiwa haidrojeni, asetati, vitamini B12 na tone la sumu yake.

Kisha ni kusubiri. Bakteria wa kawaida wa utumbo, akilishwa vizuri, anajigawa kila baada ya dakika 20 na usiku mmoja unatosha kuyatia maji ukungu. Huyu huchukua siku nzima au mbili kujigawa mara moja. Wiki zinapita na maji bado ni meupe, utadhani hakuna kitu. Ushahidi uko kwenye gesi. Sindano inapenyezwa kwenye mpira, inavuta kidogo, na mashine inachora vilele. Kilele cha tetrakloroethilini kinashuka, cha trikloroethilini kinapanda halafu nacho kinashuka, kinafuata cha dikloroethilini, kisha vinili kloridi, mwishowe ethilini. Klorini nne zimeng'olewa moja baada ya nyingine, na kila hatua imeacha alama yake.

Kiumbe mwenyewe ni kisahani cha upana wa nusu ya mikromita hivi. Hana ule ukuta wa seli ambao antibayotiki za jamii ya penisilini huushambulia, ndiyo maana watafiti waliweza kuwachuja majirani zake kwa ampisilini yeye akabaki. Jenomu yake ina herufi milioni 1.5 hivi, kama theluthi ya ile ya bakteria maarufu wa utumbo, E. koli. Hana njia nyingine ya kupumua: si oksijeni, si naitreti, si salfeti. Ni molekuli zenye halojeni tu, yaani klorini na jamaa zake, klorini ikiwa ya kwanza. Hata hivyo, ndani ya jenomu hiyo ndogo amebeba jeni nyingi za vimeng'enya vya kung'olea klorini. Aina iitwayo CBDB1 anazo 32. Katikati ya kila kimeng'enya cha namna hii kuna umbo la vitamini B12 lenye atomu ya kobalti, na ni hiyo kobalti inayofanya kazi ya koleo.

Hatua ya hatari

Turudi kwenye vile vilele. Vinili kloridi, iliyobaki na klorini moja tu, ndiyo malighafi ya plastiki ya PVC, na ni sumu iliyothibitika kusababisha saratani ya ini. Kikomo chake nchini Marekani ni mikrogramu 2 kwa lita, chini kuliko cha kemikali iliyoizaa. Ni gesi, inayeyuka majini, inakwenda haraka na maji ya ardhini, na inaweza kupanda kwenye matundu ya udongo mpaka ndani ya nyumba zilizojengwa juu.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wawe waangalifu na maneno kama "imevunjwavunjwa". Bakteria wanaoweza kung'oa klorini ya kwanza na ya pili ni wengi, wa koo mbalimbali. Wanaoweza kuendelea kutoka dikloroethilini hadi ethilini ni wachache. Kwa miaka mingi waliojulikana walikuwa Dehalococcoides peke yao, na hata ndani ya ukoo huo si wote. Yule aina ya 195 aliyefanya jina mwaka 1997 anaipeleka vinili kloridi kwenye ethilini kwa kusuasua, bila kupata nguvu yoyote kutokana nayo. Mwaka 2003 ndipo Jianzhong He, Frank Löffler na wenzao walipomtangaza BAV1, aliyetoka kwenye maji ya ardhini yaliyochafuliwa huko Oscoda, Michigan, na ambaye anakua kwa kupumua vinili kloridi yenyewe. Jeni zinazofanya kazi hiyo zinajulikana kwa majina: bvcA kwa BAV1, na vcrA kwa jamaa zake wengine.

Kwenye eneo lisilokuwa na jeni hizo, kazi inasimama katikati. Sampuli zinaonesha trikloroethilini imeshuka sana, mtu anafurahi, kumbe dikloroethilini na vinili kloridi zimejaa. Wanaofanya kazi hii wanauita mkwamo, na wanauogopa.

Anayetegemea majirani

Mkwamo haumaanishi kila mara kwamba Dehalococcoides hayupo. Mara nyingi yupo, ila kakosa watu wa kuishi nao.

Anahitaji haidrojeni impe elektroni, lakini hana uwezo wa kuitengeneza. Inatoka kwa bakteria wengine wanaochachusha sukari, mafuta au majani yaliyooza. Anahitaji vitamini B12 kwa ajili ya koleo lake la kobalti, na hawezi kuiunda. Inatoka kwa jirani mwingine. Tena njia yake ya kujenga amino asidi kutokana na asetati ina kasoro, inavujisha kaboni monoksidi, ambayo ikirundikana inamdhuru yeye mwenyewe. Akilelewa peke yake chupani anadhoofika. Akiwa na majirani wanaoitumia kaboni monoksidi hiyo, anastawi.

Wapo pia washindani. Vijidudu wanaotengeneza methani wanaitaka haidrojeni ileile. Kinachomwokoa ni kwamba yeye anaridhika na haidrojeni kidogo mno, nanomoli chache kwa lita, kiwango ambacho watengeneza methani hawawezi kuishi nacho. Kwa hiyo chakula kinachochachuka taratibu kinamfaa yeye, na kinachochachuka kwa kishindo kinawafaidi wao. Ndiyo sababu, miongoni mwa vitu vinavyopampiwa kwenye visima vya usafishaji, mafuta ya mimea yaliyosagwa kuwa matone madogo yamependwa sana: yanang'ang'ania kwenye mchanga na kuachia haidrojeni kwa miaka. Molasi ni ya bei nafuu lakini huisha haraka.

Na kuna asidi. Kila klorini inayong'oka inaacha asidi nyuma yake, na uchachushaji unaongeza nyingine. Udongo wenye chokaa unaimeza. Udongo usio na chokaa unazidi kuwa mkali, na pH ikishuka chini ya 6 hivi hatua za mwisho ndizo zinazozimika kwanza. Mkwamo mwingine huo, na dawa yake ni kuongeza magadi tu. Mtu asiyepima pH anaweza kuhangaika mwaka mzima akinunua bakteria wapya.

Kununua bakteria si lugha ya picha. Mchanganyiko wa bakteria hawa hulelewa kwenye matangi na kusafirishwa hadi eneo lenye tatizo. Jaribio moja lililotangazwa mwaka 2002 lilifanyika kwenye kambi ya jeshi la anga ya Kelly huko Texas. Sehemu ya maji ya ardhini ilikuwa na tetrakloroethilini, ikapewa chakula, na ikakwama kwenye dikloroethilini. Bakteria wa kumalizia hawakuwapo. Ukaingizwa mchanganyiko uitwao KB-1, na ndani ya siku 200 tetrakloroethilini, trikloroethilini na dikloroethilini zote zilishuka chini ya mikrogramu 5 kwa lita, na ethilini ikaonekana. Chakula kilikuwa kilekile, maji yaleyale. Aliyeongezeka ni mmoja.

Oksijeni nayo ina zamu yake

Nimesema hewa inawaua. Ni kweli, lakini kumbuka ile kanuni: klorini zikipungua, oksijeni inaanza kufaa. Pembeni mwa eneo lililochafuliwa, ambako maji safi yenye oksijeni yanaingia, wapo bakteria wa aina nyingine kabisa wanaoila vinili kloridi kama chakula. Kwa hiyo kuna bahati fulani ya kijiografia: katikati pasipo hewa klorini nyingi zinang'olewa, na mabaki yakisukumwa na maji hadi ukingoni yanakutana na walaji.

Utaratibu huu wa zamu mbili unaonekana vizuri zaidi kwenye PCB, mafuta yaliyotumika kwenye transfoma za umeme. PCB ni pete mbili za kaboni zilizounganishwa, na klorini kuanzia moja hadi kumi zikiwa zimepachikwa kwa mipangilio tofauti. Mipangilio yote ni 209. Mto Hudson huko New York ulipokea PCB za viwandani kati ya miaka ya 1940 na 1970. Mwaka 1987 John Brown na wenzake walionesha kwamba kwenye tope la mto huo PCB zimebadilika: zile zenye klorini nyingi zilikuwa zimepungua na zenye chache zimeongezeka, kwa mpangilio ambao maji peke yake yasingeweza kuuleta. Bakteria wa tope walikuwa wakifanya kazi kimya kimya. Lakini hawakuifungua pete. Kuifungua ni kazi ya wenye oksijeni, kama Burkholderia xenovorans LB400 aliyetolewa kwenye udongo wenye PCB katika jimbo hilohilo. Kimeng'enya chake cha kwanza kinapachika atomu mbili za oksijeni kwenye pete, kingine kinaikata. Akikuta klorini nyingi mno anashindwa, kwa hiyo anawahitaji wale wa tope watangulie.

Wamejifunza wapi

Swali hili hunivutia kuliko yote. Tetrakloroethilini ya viwandani haijafikisha miaka 150. Bakteria mwenye jeni 32 za kung'oa klorini amezitoa wapi?

Sehemu ya jibu ni kwamba klorini iliyoshikana na kaboni haikuletwa na viwanda. Fangasi wa msituni, mwani wa baharini na bakteria wenyewe hutengeneza maelfu ya molekuli za namna hiyo, kwa kiasi kidogo, tangu zamani za kale. Udongo wa msitu usioguswa unazo. Viwanda vilichofanya ni kumwaga kwa tani kitu ambacho bakteria walikizoea kwa chembe.

Sehemu ya pili ni kwamba wanajifunza mbele ya macho yetu. Atrazini, dawa ya magugu yenye klorini moja, iliingia sokoni mwaka 1958. Kwa muda mrefu ilidumu sana mashambani. Mwaka 1995 watafiti wa Minnesota walimtangaza bakteria aina ya Pseudomonas anayeila yote, na punde wenye jeni karibu zilezile wakapatikana katika mabara mengine. Kimeng'enya kinachoiondoa klorini kinatofautiana na kingine kinachoshughulika na melamini kwa amino asidi tisa tu, kati ya zaidi ya 470. Mabadiliko tisa, na kimeng'enya kimepata kazi mpya. Jeni hizo hubebwa kwenye plazimidi, vipande vya DNA ambavyo bakteria hupeana, kwa hiyo mmoja akifaulu wengine wanapokea.

Kujifunza huko hakujakamilika kila mahali. Pentaklorofenoli, dawa ya kuhifadhia mbao iliyoanza kutumika miaka ya 1930, inavunjwa na bakteria aitwaye Sphingobium chlorophenolicum. Shelley Copley na wenzake walipokipima kimeng'enya chake cha kwanza walikikuta cha polepole mno kazini, na kinachotoka ni kitu kikali kuliko kilichoingia, ambacho kimeng'enya kinachofuata kinalazimika kukipokea haraka kabla hakijaichoma seli yenyewe. Ni njia iliyoungwaungwa kutokana na vifaa vya kazi nyingine. Inafanya kazi, lakini bado ni changa. Kwa lindani, dawa ya wadudu iliyopigwa marufuku kimataifa mwaka 2009, hali inafanana: Sphingobium wa Japani aitwaye UT26 alitoka kwenye shamba la majaribio lililokuwa likinyunyiziwa lindani mwaka hadi mwaka. Kila tani ya lindani iliyotengenezwa iliacha tani 8 hadi 12 za ndugu zake zisizotakiwa, mojawapo, iitwayo beta, ikiwa sugu hasa. Hizo bado zimelala kwenye majalala, na bakteria wanazigusa kwa shida.

Kujua kama kweli imevunjwa

Kiwango kikishuka kisimani hakithibitishi kitu peke yake. Huenda mvua imeongeza maji, huenda sumu imesogea kwa jirani. Kwa hiyo wapimaji makini hutafuta ushahidi wa namna tatu. Kwanza ethilini yenyewe, kwani hiyo haitokani na kuchanganywa na maji. Pili idadi ya jeni za vcrA na bvcA katika lita ya maji. Tatu, na hii ni nzuri ajabu, uzito wa kaboni. Karibu asilimia 1 ya kaboni yote duniani ni ya aina nzito, kaboni-13. Bakteria huvunja kwa haraka kidogo zaidi molekuli zenye kaboni nyepesi, kwa hiyo zinazobaki zinazidi kuwa na ile nzito. Maji yakiongezeka tu, uwiano huo haubadiliki. Ukibadilika, kuna aliyekuwa akizivunja.

Hata vipimo vyote vikiwa vizuri, kazi huwa bado. Kwa miaka 30 au 40 ambayo sumu ilikuwa imetuama juu ya tabaka la mfinyanzi, ilikuwa pia ikijipenyeza ndani ya mfinyanzi huo, sentimita baada ya sentimita. Matundu ya mfinyanzi ni madogo mno. Bakteria hawaingii kwa urahisi na mafuta ya mimea hayafiki. Mchanga wa juu ukishasafishwa, mfinyanzi unaanza kuirudisha sumu, kwa mwendo uleule wa pole ulioiingiza. Bakteria waliobaki kwenye mchanga wanaipokea inapotoka, mradi haidrojeni haijaisha. Ndiyo maana visima vya maeneo haya hupimwa kila baada ya miezi michache kwa miaka mingi baada ya sherehe ya kwanza, na mpimaji, akifungua ripoti, huanza kutafuta mstari wa vinili kloridi, kisha wa ethilini chini yake.